Kitabu cha mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza kwa Gaokao (mtihani wa China wa kuingia chuo kikuu), nilivyokiona baada ya kukitumia na wifi yangu

Naishi Changsha, Hunan, kwa wakwe, na wifi yangu mdogo yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, so akirudi wikiendi kutoka bweni mimi ndo namsimamia Kiingereza. Najua kuna dada zangu wengine mnaishi China na mna watoto au mashemeji shule za huku, basi hii itawasaidia.

Kwanza mjue mtihani wenyewe. Kiingereza cha Gaokao ni Juni 8 mchana, masaa mawili, maksi 150 sawasawa na Kichina na hesabu. Kwa karatasi inayotumika hapa Hunan ufahamu peke yake una maksi 50, yani theluthi nzima: habari nne zenye maswali 15, halafu kuna moja ina mapengo matano unapewa sentensi saba uchague, kila swali 2.5. Habari ya kwanza huwa nyepesi, tangazo la makumbusho au kozi fulani, unatafuta bei na saa basi. Ya nne ndo balaa, mara nyingi ni makala ya sayansi au saikolojia, na hapo ndo maksi za wifi yangu zilikuwa zinapotelea.

Sasa kitabu chenyewe. Nusu ya kwanza ni pasti pepa na hapo nakisifu kwa moyo wote, maana hawakuambii tu jibu ni C, wanakueleza A imekosewa wapi, B imekosewa wapi. Hilo ni kubwa sana jamani! Watunzi wa hii mitihani wana mtego wao, jibu la uongo linabeba maneno yaleyale ya kwenye habari na jibu la kweli limesemwa kwa maneno mengine kabisa. Tuseme habari inasema moshi wa magari unaharibu harufu ya maua nyuki wanashindwa kuyapata, jibu moja litasema moshi wa magari unaua nyuki, mtoto anaona moshi, anaona nyuki, anatiki fasta. Tulipoanza kupitia maelezo ya kila jibu lililokosewa, yani tunabishana mpaka aniambie mwenyewe kwa nini siyo, ndo nikaona anabadilika, anarudi kwenye aya anaweka kidole kwenye mstari kabla ya kuchagua.

Nusu ya pili ni mitihani ya kujipima na hapo kwa kweli sijaridhika. Wameweka misamiati migumu mno, mtaala wao unataka kama maneno 3,000 lakini humo unakuta maneno hata mimi niliyesoma Kiingereza kuanzia fomu wani mpaka chuo nafungua kamusi, halafu maswali mengine majibu mawili yote yanakubali. Ugumu wa Gaokao hauko kwenye msamiati, uko kwenye kuelewa mwandishi anataka kusema nini. Mtoto anakata tamaa bure.

Na kitu kilichoniudhi zaidi, maelezo ya zile habari za nne wameyaficha kwenye video, mpaka uskani QR code kwa simu. Simu! Wakati tangu 2021 wizara ya elimu imekataza wanafunzi kuingia nazo darasani, na hawa watoto wako darasani mpaka usiku kwenye kujisomea, sasa video ataiangalia saa ngapi? Ikabidi mimi niziangalie katikati ya wiki niandike kwa mkono kwenye karatasi za kubandika, akija Jumamosi tunazibandika ukurasani.

Bei ni kawaida, haiumizi. Kama mtoto yuko mwaka wa pili nunua, fanyeni nusu ya kwanza polepole, habari mbili kwa siku zinatosha kama mnapitia majibu vizuri. Kama yuko mwaka wa mwisho na muda umebana tafuta tu pasti pepa zenye maelezo ya karatasini, hizo za kujipima achana nazo.