Grafu ya bei ya korosho nusura initoe kwenye chama

Jamani naandika hii bado nina hasira, japo ni mambo ya msimu uliopita, au tuseme ule wa kabla yake. Kama na wewe unachorea grafu kwenye hii programu ya mahesabu ya kwenye kompyuta halafu unazipeleka mbele za watu, nakuomba usome kabla hujaprinti.

Mimi ni karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku ndani njia ya kwenda Newala. Kazi yangu korosho inapoanza kushuka ni mizani, stakabadhi, na kuandika. Na kila mkutano mkuu wanachama wanataka waone bei za minada zilivyokwenda. Zamani tulikuwa tunasoma tu namba kwa sauti, watu wanasinzia. Mwenyekiti akasema safari hii karani tutengenezee grafu, tuibandike, kila mtu aone mwenyewe. Nikafurahi kwa kweli, maana kompyuta ya ofisi ninaitumia mimi tu.

Nikakaa nayo jioni nzima. Na hapa niseme haki, sehemu ya kupamba ni tamu sana. Zile rangi inazokupa yenyewe za bluu nikazitoa, nikaweka kahawia ya korosho. Nguzo zilikuwa nyembamba kama njiti, nikapunguza nafasi katikati zikanenepa. Herufi nikazikuza mpaka babu wa mstari wa nyuma asome, mistari myepesi ya nyuma nikaifuta yote, jina la mnada likakaa chini ya kila nguzo. Ilipendeza mno! Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka mjini, nikaprinti kwa rangi karatasi kubwa ya A3, kwa hela yangu mwenyewe, nikarudi nayo nimeikunja kama ramani.

Mkutano ulikuwa chini ya mwembe, bango tukalibandika kwenye mlango wa ghala. Mwenyekiti anaendelea kuongea, babu mmoja ambaye namba ndogo hazioni vizuri tena akainuka taratibu na bakora yake akaenda mpaka kwenye mlango. Akaweka vidole kwenye nguzo ya mnada wa kwanza, akahesabu, vidole sita. Akasogea mpaka ya mwisho. Vidole viwili. Akageuka akaniangalia mimi, sio mwenyekiti.

"Mwanangu karani, vidole vyetu vinne vimekwenda wapi?"

Nikasema babu, shikamoo, hapo tofauti ni shilingi themanini tu, ule wa kwanza ni 3,620 na huu wa mwisho ni 3,540. Akasema, "Themanini? Mimi naona theluthi mbili haipo." Na nyuma huko mtu akapaza sauti si ndio yale yale ya makato, na wamama waliokaa kwenye mkeka wakaanza kunong'ona, na mimi nimesimama pale jasho linanitoka kwa sababu kwa macho yangu naona babu kapima sawasawa, nguzo ya mwisho kweli ni theluthi ya ile ya kwanza, na namba kweli ni 3,540, na vyote viwili viko kwenye karatasi niliyoitengeneza mimi.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Huku korosho inalala ghalani kwa stakabadhi tangu 2007, mkulima anakabidhi mzigo anapewa karatasi ya kupokelewa, mnada unafanyika, hela inakuja baadaye imeshakatwa ushuru na michango. Hashiki noti mkononi siku anayouza. Kile tunachobandika mlangoni ndicho anachokiamini au anachokitilia shaka. Na hawa ni watu waliopitia ule msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kusomba. Bei wanazo kichwani, hawasahau. Ukiwaonyesha bei imeanguka namna ile hawasemi grafu imekosea, wanasema karani kala.

Tukaahirisha ajenda ile. Nililala macho.

Kesho yake nikarudi pale steshenari mjini nikidhani printa imekata picha kwa chini. Kijana wa pale wala hakuinua uso kwenye simu yake, akasema, "Mama, kompyuta haikosei, anayekosea ni mtumiaji." Hivyo tu. Hakutaka hata kuangalia karatasi! Nimemsalimia vizuri, nimelipa jana yake bila kuomba punguzo, jibu langu ndio hilo. Yaani mpaka leo nikipita mlangoni kwake natazama upande wa pili.

Nimekuja kugundua mwenyewe, usiku, kidole kwenye kioo. Zile namba za pembeni kushoto zinazopanda, ya chini kabisa haikuwa sifuri. Ilikuwa 3,500! Programu ilipoona bei zangu zimekaribiana, yenyewe tu ikaamua kuanzia 3,500, kwa hiyo mnada wa kwanza ukapewa urefu wa 120 na wa mwisho urefu wa 40, na hiyo 3,500 nzima ya chini ambayo ndiyo hela yenyewe ya mkulima imekatwa, haipo kwenye picha. Hakuna alama ya kuonyesha pamekatwa, hakuna ujumbe, hakuna kuulizwa. Na mimi jioni nzima nahangaika na kahawia.

Dawa yake ni dakika moja. Bonyeza mara mbili juu ya zile namba za pembeni, upande wa kulia itafunguka sehemu ya mipangilio, tafuta kiboksi cha minimamu, yaani namba ya chini kabisa, futa kilichomo, andika 0. Basi. Nguzo zote zikasimama karibu sawa kama askari, na hapo nikaona tatizo la pili, sasa hiyo themanini haionekani kabisa, kwa hiyo nikaweka bei juu ya kila nguzo kwa herufi nene. Hiyo ndiyo grafu ya kweli.

Kwa hiyo naweza kusema programu ni nzuri, ukiijua. Inakusikiliza, kila kitu kinabadilika, nimeshahifadhi mapambo yangu kama templeti na msimu huu sijahangaika tena na rangi. Nyota nne ningetoa. Kuna mwalimu mmoja hapa kijijini, namheshimu sana, aliniambia kwenye grafu ya mstari kuanzia juu sio mbaya, pale unaangalia kupanda na kushuka. Nakubali. Lakini nguzo sio mstari! Nguzo ni urefu, mtu anaiweka vidole kama babu alivyofanya, hana haja ya kusoma chochote. Sasa mtu aliyetengeneza kitu hiki akaruhusu nguzo ikatwe miguu bila kumwambia mwenye nayo alikuwa anamfikiria nani? Rangi ananiuliza, herufi ananiuliza, kivuli cha nguzo ananiuliza, jambo la kunipeleka polisi ananyamaza. Hapana, nyota nne nazirudisha. Mbili, na hizo mbili ni za mapambo.

Mkutano uliofuata nilipeleka bango jipya, nikabandika na la zamani pembeni yake, nikaeleza kwa mdomo mpaka koo likauma. Babu akaja tena na vidole vyake, akapima zote, akasema haya mwanangu nimeona. Akaniombea. Wengi walielewa.

Ila siku ile ya kwanza kuna vijana walipiga picha lile bango na simu, wakarusha kwenye magrupu. Bango jipya hakuna aliyelipiga picha. Juzi hapa wifi yangu yupo Masasi kanitumia ile picha, ile ya kahawia, chini yake mtu kaandika "hivi ndivyo wanavyotuibia", ananiuliza wifi, hii si AMCOS yenu?