Uzoefu wangu: kutibiwa jeraha la papa, Mkoani, Pemba

Mimi ni mvuvi wa jarife, wavu wa kunasia papa na samaki wengine wakubwa, kutoka Makoongwe. Papa aliyenijeruhi hakunifuata majini. Tulikwisha kumpakia kwenye mashua tukidhani amekufa, na nilipoinama kumnasua akajipinda, akaniuma shavu la mguu wa kulia. Mwenzetu mmoja alitaka kunimwagia dizeli, lakini nahodha akamkataza, akakunja kikoi na kukikandamiza juu ya jeraha kwa mikono miwili, bila kukifunuafunua kutazama, hadi tulipofika Mkoani. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu dizeli ingeniunguza hata nyama iliyosalimika.

Katika Hospitali ya Abdalla Mzee nilichomwa sindano ya pepopunda, nikapigwa picha ya eksirei, na pichani kikaonekana kipande cha jino, kidogo kama punje ya mchele, kimelala karibu na mfupa. Daktari alikitoa, akaliosha jeraha kwa maji ya chumvi ya hospitali, chupa baada ya chupa, akaondoa nyama iliyokufa, kisha akaniambia kuwa hatalishona siku ile. Nilikasirika, nikaona napuuzwa. Akanieleza kwa utulivu kwamba kinywa cha papa na maji ya bahari vina bakteria wengi, wakiwemo wale wanaoitwa vibrio, na kwamba jeraha la namna hii likifungwa mapema huwafungia ndani na kutunga usaha. Nilipewa dawa za kuua bakteria, vidonge vya doksisaiklini na sindano za seftriaksoni, na siku ya 4, jeraha lilipokuwa jekundu na safi, ndipo likashonwa. Kwangu mimi, subira ile ndiyo iliyouokoa mguu.

Kilichonisikitisha ni kituo kingine kidogo nilikokwenda baadaye kubadilishiwa bendeji, ambako shashi iliyokuwa imegandia ilibanduliwa kikavu, ikaondoka na ngozi changa. Mwenye kidonda kama changu aombe shashi ilowekwe kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka iachie yenyewe.

Mazoezi ya viungo niliyafanyia nyumbani: naketi mkekani, napitisha kanga chini ya wayo, nauvuta mguu taratibu asubuhi na jioni, na mke wangu ananihesabia. Mwezi wa 4 baada ya kuumwa nilirudi baharini. Asubuhi shavu la mguu bado hukaza, na kanga ile sijairudisha sandukuni.