Pikipiki mpya ya mkopo wa dukani: njia tano za kupanda pikipiki nzuri Dar, kuanzia nafuu hadi ya kuumiza

Kwa dereva wa bodaboda anayepiga kiki mara kumi kila alfajiri, bango lenye kianzio kidogo na pikipiki mpya imesimamishwa chini yake ni kishawishi kikubwa. Fomu zinajazwa asubuhi, jioni uko kijiweni na namba mpya. Ila bango halionyeshi bei yenyewe. Bei iko kwenye jumla ya marejesho, na kwenye zile siku ambazo pikipiki haikutembea lakini rejesho linadaiwa palepale.

Njia tano zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuangalia mambo mawili: shilingi ngapi zitatoka mfukoni mwako hadi kadi ya usajili isome jina lako, na nani anabeba hasara siku pikipiki ikilala. Mfano wa hesabu ni pikipiki ya 3,000,000 taslimu. Ukifika dukani, weka bei utakayopewa na urudie hesabu ileile.

Mwenye hela yote mkononi anunue taslimu, aombe punguzo, asilipe bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA. Yaliyobaki ni kwa ambaye hela haijatimia.

1. Tengeneza uliyonayo

Kama kadi ina jina lako, anzia hapa kabla hujaingia duka lolote. Pikipiki nyingi zinazoitwa zimekufa zina ugonjwa unaotibika kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya, na moshi ndio unaosema ugonjwa gani. Moshi wa bluu kila unapovuta mafuta ni oili inayopita kwenye ringi. Wa bluu unaotoka ukiwasha tu kisha ukapotea mara nyingi ni sili za valvu, kazi ndogo. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: safisha kichujio cha hewa na kabureta kwanza, usikubali injini ishushwe kwa sababu hiyo. Injini ikipandisha sauti kwenye mlima na pikipiki isisogee, sahani za kluchi zimekwisha.

Ikibidi kushusha injini, jambo linaloharibu kazi ni kuweka ringi mpya ndani ya silinda iliyokwisha. Silinda ikila upande mmoja inapoteza mviringo, ringi mpya hazikai sawasawa, na baada ya wiki chache moshi unarudi ukiwa umeshalipa ufundi. Mwambie fundi apime silinda kabla hujanunua chochote. Ikiwa imekula, inachongwa na kuwekwa pistoni kubwa zaidi kidogo, kwa kawaida ya milimita 0.25 au 0.50 juu ya saizi ya kiwandani. Nunua kwa pamoja pistoni, ringi, pini na klipu zake, gasketi, sili za valvu, na cheni ya taiming kama ilikuwa inapiga kelele. Nenda Gerezani au Kariakoo na kifaa cha zamani mkononi, ufananishe kabla ya kulipa. Kilomita 500 za mwanzo usibebe mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, wala usivute hadi mwisho, kisha mwaga oili, maana ndani yake kuna unga wa chuma uliotoka kwenye vyuma vipya vinavyozoeana.

Acha kutengeneza ikiwa chesisi imechomelewa karibu na shingo ya usukani, au silinda imeshachongwa hadi saizi ya mwisho na krenki nayo inagonga. Hapo utakuwa unailipia pikipiki ambayo haitakurudishia.

2. Mkopo wa SACCOS au wa halmashauri, ukanunue taslimu

Hapa ndipo pesa inapookolewa hasa, na ndipo watu wanapopita haraka kwa sababu panahitaji subira. Chukua mfano wa SACCOS inayotoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye deni linalopungua. Ukiwa na kianzio cha 600,000, unakopa 2,400,000 kwa miezi 12. Rejesho ni kama 220,000 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka haifiki 241,000. Weka namba hiyo akilini hadi ufike njia ya nne.

SACCOS nyingi hukopesha kwa kuzidisha akiba yako, mara mbili au tatu, baada ya miezi kadhaa ya uanachama, na wanachama wenzako ndio wadhamini. Kwa hiyo anza kuweka leo hata kama pikipiki unaitaka mwakani. Hakikisha SACCOS ina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na uliza swali moja kwa maneno haya: "Riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki au kwenye mkopo wote?" Jibu linabadilisha kila kitu.

Upande wa halmashauri, sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Kwa kawaida inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, si kwa mtu mmoja, hivyo pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ugumu wake uko ndani ya kikundi: mmoja akiacha kulipa, deni ni lenu wote. Kikundi cha watu wa kijiwe kimoja wanaoonana kila siku kinasimama kuliko cha majina yaliyokusanywa ili idadi itimie.

Ukishika hela, chagua pikipiki kwa spea na kwa barabara yako. Spea za Boxer na TVS HLX zinapatikana kuanzia Mbagala hadi Bunju, na zote mbili zinauzika upya bila shida. Za Kichina, kama SanLG na Fekon, mara nyingi ni nafuu kununua, ila ukiuza zinashuka zaidi. Kwa abiria wa mjini kwenye barabara tambarare, cc 125 inatosha na inakula mafuta kidogo. Kwa mizigo, au vilima vya Kimara na Goba, chukua 150.

3. Iliyotumika, taslimu

Njia nzuri kwa anayejua kukagua au mwenye fundi anayemwamini. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini kabla ya salamu kuwa ndefu: ikiwa ya moto, imewashwa makusudi ili uwakaji mgumu na moshi wa asubuhi visionekane. Isubiri ipoe au ondoka.

Kisha vuta cheni kwa nyuma katikati ya sproketi. Ikiachana na meno, na meno yamepinda kama ndoano, seti nzima inabadilishwa. Shika gurudumu la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Likicheza, ni bushi au beringi. Inua mbele, zungusha usukani taratibu. Ukihisi unakwama katikati, koni zimekula. Tazama kama shokapu za mbele zinalia oili. Mwisho soma namba ya chesisi na ya injini, ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyokwanguliwa au iliyogongwa upya ni sababu ya kuondoka hata kama bei ni ya kutupa.

Kabla ya kulipa, angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa TMS kwa namba ya pikipiki. Malipo na kubadilisha umiliki TRA vifanyike siku moja, wote wawili mkiwa na TIN, kadi halisi na mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na wakili. "Kadi tutabadilisha baadaye" imewaachia wengi pikipiki ya mtu aliyehama namba ya simu.

4. Mkopo wa dukani

Si utapeli, na wapo waliomaliza wakabaki na pikipiki yao. Lakini ni ghali, na ughali wake umefichwa kwenye udogo wa rejesho. Turudi kwenye mfano: bei 3,000,000, kianzio 600,000, kisha 70,000 kila wiki kwa wiki 52. Marejesho ni 3,640,000, ukijumlisha kianzio ni 4,240,000. Umelipa 1,240,000 juu ya bei. Ukilinganisha na SACCOS ya hapo juu, tofauti ni milioni moja, kwa pikipiki ileile na muda uleule.

Wakala atakuambia riba ni kama asilimia 52, kwa kugawa 1,240,000 kwa 2,400,000. Lakini wewe hukai na deni la milioni 2.4 mwaka mzima. Unalipunguza kila wiki, na wastani wake ni karibu milioni 1.4. Ukihesabu kwenye deni unalodaiwa kweli, riba inakaribia asilimia 89 kwa mwaka. Ndiyo maana usilinganishe asilimia za duka moja na za jingine. Linganisha jumla: kianzio, kuongeza rejesho mara idadi ya marejesho, kuongeza ada zote za fomu, usajili, bima na kifaa cha GPS. Andika namba hiyo moja kwenye karatasi, mwambie wakala aisaini. Akikataa, umeshapata jibu.

Halafu kuna kalenda. 70,000 kwa wiki inasikika kama elfu kumi kwa siku. Ukipumzika Jumapili ni karibu 11,700 kwa siku ya kazi. Siku moja zaidi ikienda kwa mvua, kwa fundi au kwa kuumwa, inakuwa 14,000. Masika, Machi hadi Mei, wiki ya siku tano ni jambo la kawaida Dar. Jangwani ikijaa maji, safari za mjini zinakufa. EWURA nayo hutangaza bei mpya za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zikipanda rejesho halishuki. Kwa hiyo, kabla ya kusaini, andika kwenye daftari kwa siku 30 kilichoingia, mafuta, chakula, oili na matengenezo. Ukigawa kinachobaki kwa idadi ya siku ulizofanya kazi, lazima kizidi 14,000, si 10,000. Na uwe na marejesho ya wiki nne, yaani 280,000, pembeni mbali na kianzio. Asiye na akiba hiyo ndiye anayenyang'anywa pikipiki mwezi wa tatu, na kianzio kinakwenda nayo.

Ndani ya mkataba tafuta haya. Kadi itaandikwa jina la nani, na inabadilishwa lini? Ukichelewa siku moja, faini ni kiasi gani, na pikipiki inazimwa kwa GPS baada ya siku ngapi? Ikikamatwa, una muda gani wa kuikomboa, na ikiuzwa kwa bei inayozidi deni, ziada ni ya nani? Ukilipa mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa au unalipa yote? Kifungu hiki cha mwisho ndicho wakala hakitaji, na ndicho kinachoamua kama kulipa haraka kuna faida yoyote.

Bima nayo usiipite. Bima ndogo inalipa hasara ya mtu wa tatu tu, pikipiki ikiibwa huna kitu na deni liko palepale. Dai bima kubwa inayotaja wizi, soma masharti yake kuhusu kuegesha usiku, kisha hakiki stika kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kwa namba yake. Uliza pia nani anailipia mwaka wa pili kama mkopo unavuka miezi 12. Leseni yako ya daraja A na leseni ya LATRA ya usafiri wa abiria ni gharama nyingine, haziko kwenye bango.

Mkopeshaji asiyepokea amana za watu anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Orodha iko wazi kwenye tovuti ya BoT. Tafuta jina lililo kwenye mkataba, si lililo kwenye bango, maana mara nyingine ni kampuni mbili tofauti.

5. Pikipiki ya mkataba kwa bosi, au kausha damu

Bosi ananunua, unamletea hesabu kila siku kwa mwaka au zaidi, mwisho pikipiki inakuwa yako. Jumla mara nyingi inafika karibu mara mbili ya bei, kadi ni ya bosi hadi siku ya mwisho, na matengenezo ni yako tangu siku ya kwanza. Kinachoumiza zaidi ni mkataba wa mdomo: miezi miwili kabla ya kumaliza, bosi anapata sababu ya kuichukua. Kama huna njia nyingine, muandikishane kwa wakili au mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkitaja idadi ya siku, kiasi, na kinachotokea ukiugua. Lipa kwa simu, si kwa mkono. Mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, kwa ajili ya kianzio usichukue kabisa. Utakuwa na madeni mawili yanayokula siku moja ya kazi.

Ukishasaini

Piga picha pikipiki pande zote na kilomita zake siku ya kuichukua. Sevisi ya kwanza ifanye kwa wakati ulioandikwa kwenye kitabu chake, la sivyo waranti inakufa. Meseji za malipo usizifute, na kila mwezi omba taarifa ya salio uilinganishe nazo, kwa sababu malipo yaliyoingia kwenye namba ya mteja mwingine ni rahisi kurekebisha ndani ya wiki, ni vita baada ya miezi sita. Ukimaliza rejesho la mwisho, usiondoke bila barua ya kumaliza deni, kadi, na ufunguo wa pili. Nenda TRA wiki hiyohiyo kubadilisha jina, rudi waondoe GPS mbele yako, na mwambie mtu wa bima afute jina la mkopeshaji kwenye malipo ya fidia.