Haw Par Villa, Singapore: nendeni, ila watoto wadogo waacheni kwa shangazi

Jamani kama una transiti Singapore na masaa yapo, achana na mamol yao, panda treni ya Circle Line shuka stesheni ya Haw Par Villa, ukitoka tu bustani hiyo hapo. Ile Tiger Balm mama aliyokuwa anakupaka kifuani ukiwa na mafua, basi mwenye nayo, Aw Boon Haw, ndo kajenga hapa 1937, nyumba ya mdogo wake Boon Par, afu bustani nzima akaijaza masanamu ya saruji, yapo zaidi ya 1,000 na rangi zake ni vurugu tupu. Bustani bure, jehanamu ndo ya kulipia (Hell's Museum, imefunguliwa 2021), na hela yangu wala haijaniuma.

Mi nilisoma anthropolojia kidogo chuo, na Confucius (yule mwanafalsafa wa Kichina wa kale aliyesisitiza heshima kwa wazazi) wa darasani alikuwa wa vitabu na misemo. Wachina waliohamia huku wengi walikuwa makuli na wachuuzi, hayo mavitabu wangeyasomea wapi, heshima ya wazazi waliipata kwa bibi, kwenye opera za mtaani na kwenye masanamu kama haya. Humo jehanamu ya kulipia kuna masanamu ya mahakama 10 za kuzimu, roho zinahukumiwa; zenyewe asili yake ni Wabudha na Watao (dini ya jadi ya Kichina), ila sikiliza mashtaka sasa, ni Confucius mtupu: asiyewatii ndugu zake anasagwa na jiwe, mahakama ya nne, hapohapo na mkwepa kodi naye anatwangwa. Ya nane, aliyewasumbua wazazi anatolewa utumbo, na aliyeangalizia mtihani hivyohivyo. Mtihani bana! Nikaikumbuka fom foo hesabu nikapita kimyakimya. Ya kumi kuna bibi anaitwa Meng Po, anakunywesha chai usahau kila kitu ukazaliwe upya.

Ila kilichonigandisha ni sanamu la mke anamnyonyesha mama mkwe, maana bikizee hana meno ya kutafunia, ni kisa kimoja kati ya vile 24 vya watoto wema wanavyosimuliana Wachina toka enzi. Pembeni yangu mzee kamshika mjukuu mkono anamweleza kwa Kichina, dogo anacheka mpaka anainama, mzee hacheki hata kidogo.

Nyota 4, moja nimeikata kwa sababu ya jua. Nendeni asubuhi na maji mbebe.