Trekta ya shamba la miti: pima mistari kwanza, HP baadaye

Ukifika kwa muuzaji wa matrekta, swali la kwanza ni "Unataka HP ngapi?", yaani injini ya nguvu za farasi ngapi. Kwa mwenye shamba la mahindi, sawa. Kwa sisi wa misindano na milingoti huku Mufindi na Njombe, jiulize kwanza mistari yako imeachana mita ngapi, halafu gogo lako zito lina kilo ngapi. HP itajileta yenyewe.

Chukua msindano wenye unene wa sentimita 30, ukate mita 4. Ukiwa mbichi, gogo hilo lina kilo 250 hadi 300, na kuliburuta chini kunataka mvuto wa nusu ya uzito wake au zaidi. Trekta nayo, ardhi ikiwa kavu, huvuta kama nusu ya uzito uliokalia matairi yanayosukuma. Kwa hiyo kinachovuta ni kilo na idadi ya matairi yanayosukuma. Injini kubwa kwenye trekta jepesi itachimba mashimo tu. Na hiyo ni ardhi kavu. Ikifika Februari, udongo wetu mwekundu ni mlenda, kata hesabu yote nusu.

Sasa mistari. Aliyepanda mita 3 kwa 3 ana nafasi. Waliopanda mbili kwa mbili, na ni wengi, hakuna trekta litakalowafaa mpaka wang'oe mstari mmoja kila baada ya mitano au sita wakati wa kupunguza miti. Usinunue trekta dogo kwa sababu ya kuihurumia mistari hiyo, fungua njia.

Mimi nilianza vibaya, na HP 75 iliyotumika, upana karibu mita 2. Kila ikishuka mstari ilichubua magome kushoto na kulia, na inachubua pale chini kabisa, kwenye gogo la kwanza ambalo ndilo lenye mbao ya bei. Baada ya misimu miwili niliiuza kwa mkulima wa mahindi. Anaisifu hadi leo.

Chaguo langu la kwanza, kwa shamba la ekari 10 hadi 50, ni HP 35 hadi 45 yenye matairi manne yanayosukuma, uzito tani 1.3 hadi 1.8, upana usiozidi mita 1.5. Inaburuta magogo mawili au matatu ya saizi ile bila kulalamika, inazungusha mashine ya kufyeka kwenye njia za kuzuia moto, inavuta tela la mbao hadi barabarani, na kwa kazi ya kawaida inakunywa dizeli lita 4 hadi 6 kwa saa. Pia ina nguvu ya kutosha kwa winchi ya tani 3 inayozungushwa na PTO, ule mhimili wa nyuma ya trekta unaoendesha mashine. Kwa mwenye shamba la mteremko, winchi ni bora kuliko kuongeza HP: trekta linabaki barabarani, waya unashuka kulifuata gogo.

La pili ni zile ndogo za Kijapani zilizotumika, HP 20 hadi 28, Kubota, Yanmar, Iseki. Ni nyembamba, zinapita hata njia finyu, injini zake ngumu. Kwa ekari chini ya 10, kuni na nguzo za kupunguzia, zinatosha kabisa. Lakini nyingi hazizidi tani moja, kwa hiyo jaza maji kwenye matairi ya nyuma. PTO yake mara nyingi ina gia kadhaa za mwendo, na maandishi ni ya Kijapani. Ukichomeka mashine ya mizunguko 540 kwa dakika kwenye gia ya juu utaipasua. Na zile za zamani wengi huziuza bila upinde wa usalama, kile chuma kinachomkinga dereva trekta likipinduka. Kama trekta halina upinde, chomelesha kwa fundi anayeelewa au acha.

Kukodi ni la tatu, na kwa anayevuna mara moja kila miaka kadhaa huenda likawa la kwanza. Lete trekta kubwa siku za kupakia, mengine fanya kwa mikono.

Pawatila, lile trekta la mkono la magurudumu mawili, naiweka mwisho. Najua ni rahisi, na bondeni kwenye mpunga sina neno nayo. Ila ukishuka mlima na tela lenye mzigo, tela linaisukuma, na ukibana klachi ya kulia ili ukate kulia, inakata kushoto. Dereva mgeni hujifunza hilo korongoni.

Lolote utakalochagua, likague kwa macho ya msituni. Tazama chini: sampu (bakuli la oili la injini) na filta ziko wazi? Kisiki kimoja kitazitoboa, kwa hiyo weka bamba la chuma. Matairi yawe na plai (tabaka) nyingi, pande za tairi la shambani hazivumilii visiki. Mbele ya rejeta funga wavu mwembamba, kwa sababu majani ya msindano hujazana pale kama mkeka, na ifikapo saa sita mshale wa joto unakuwa umepanda nawe unadhani maji yamevuja. Upinde usiulaze eti unagonga matawi, kata matawi. Mnyororo ufungwe kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya ekseli. Ukiufunga juu na gogo likanasa kwenye kisiki, trekta linainuka mbele na kukulalia mgongoni kabla hujaufikia mguu wa klachi.

Siku ya kununua nenda na futi na mnyororo wako. Pima upana wa nje, tairi hadi tairi, usisome kwenye kipeperushi. Kisha omba lifungwe gogo na livute kwenye nyasi zenye umande. Muuzaji akikataa, mwambie utarudi kesho, na usirudi.