Mgeni Anapopewa Jembe: Uzoefu Wangu na Riwaya za Mapenzi na Kujitambua Ugenini

Kwa miezi kadhaa nilijizoeza kusoma, kila usiku kabla ya kulala, riwaya za aina moja tu: zile ambazo mhusika, mara nyingi mwanamke, anaondoka kwao akiwa na ndoa inayoyumba, au uchumba asioutaka, au moyo usiojua unataka nini, kisha anafika mahali pa mbali na huko anaanza kujitambua. Sikuzichagua kwa sababu za kitaaluma. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kusafiri bila kufunga mizigo, na majalada yake yaliniahidi hilo. Ninaandika tathmini hii kwa msomaji anayesimama pale niliposimama mimi, mbele ya vitabu vingi vinavyofanana kwa sura, asijue kipi kitamfaa na kipi kitamlia usiku wake bure.

Nianze na vile vilivyonichosha, ambavyo sitavitaja kwa majina kwa kuwa vinashabihiana kiasi kwamba kukitaja kimoja ni kukionea. Jalada lina bahari ya buluu, dirisha lililo wazi na mwanamke mwenye kofia pana aliyetupa mgongo. Ndani, siku ya kwanza mhusika anafika kisiwani, siku ya pili anaonja chakula ambacho hakuwahi kukionja, siku ya tatu anakutana na mwanamume wa pale mwenye mikono ya kazi na maneno machache, na kufikia sura ya kumi amekwisha kujua yeye ni nani. Hakuna anayemkatalia kitu. Wenyeji wote wana hekima, wote wana nafasi ya kumsikiliza, na hakuna hata mmoja mwenye shughuli zake. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika riwaya hizi mgeni anakaa kurasa mia tatu na jembe halionekani. Nilipomaliza ya tatu ya namna hiyo nilijaribu kuihamisha hadithi nzima kichwani mwangu, nikaitoa kisiwani na kuipeleka mlimani kwenye theluji, na hakuna kilichobadilika isipokuwa mavazi.

Tangu hapo nikawa na swali moja ninaloliuliza kila ninapofungua riwaya ya aina hii: je, ugeni huu unamnyang'anya mhusika nini? Mandhari nzuri ni rahisi kuandika. Kilicho kigumu ni kumwonyesha mtu akipokonywa kile alichokuwa akikiegemea, iwe lugha, jina, cheo cha mumewe au kitabu cha mwongozo, kisha kumfuata anavyojifunza kusimama.

Kitabu cha mwongozo ninakitaja kwa makusudi, kwa sababu ya A Room with a View ya E. M. Forster, iliyotoka mwaka 1908. Lucy Honeychurch anafika Florence chini ya ulinzi wa binamu yake Charlotte, na nyumba ya wageni waliyofikia imejaa Waingereza wenzao hata Italia yenyewe haionekani. Vyumba walivyopewa havitazami mto kama walivyoahidiwa, na ugomvi mdogo juu ya kubadilishana vyumba ndio unaowakutanisha na mzee Emerson na mwanawe George. Siku moja mwenzake wa matembezi anaondoka na kitabu chake cha mwongozo cha Baedeker na kumwacha peke yake katika kanisa la Santa Croce, naye hana tena wa kumwambia kaburi lipi ni zuri na mchoro upi anapaswa kuusifu. Baadaye anashuhudia mtu akichomwa kisu uwanjani, anazimia, picha alizotoka kuzinunua zinachafuka kwa damu, na George anazitupa katika mto Arno. Ni riwaya fupi, inachekesha kuliko nilivyotarajia, na ningependa msomaji ajue mapema kwamba sehemu kubwa yake inatokea Uingereza, baada ya safari, kwenye uchumba wa Lucy na Cecil Vyse. Mimi nilikasirika kidogo nilipotolewa Italia. Baadaye nikaona kwamba mwandishi alikuwa sahihi, maana Lucy anadanganya watu wote na nafsi yake kwa muda mrefu kabla ya kukiri kile alichokwisha kukijua Florence.

Iliyonishika kuliko zote, hata hivyo, ni The Painted Veil ya W. Somerset Maugham, ya mwaka 1925. Kitty anaolewa na Walter Fane, mtaalamu wa bakteria anayefanya kazi Hong Kong, si kwa kumpenda bali kwa hofu ya kuona mdogo wake, Doris, akitangulia kuolewa. Huko Hong Kong anaanza mapenzi ya siri na Charlie Townsend, ofisa wa serikali ya kikoloni, mtanashati, mwenye mke na watoto. Walter anapogundua hapigi kelele. Anampa mkewe mambo mawili achague: Townsend aandike ahadi ya kumwoa na mke wa Townsend akubali talaka, ama sivyo Kitty afuatane naye Mei-tan-fu, mji wa bara unaoteketezwa na kipindupindu. Kitty anakimbilia kwa mpenzi wake akiwa na uhakika wa jibu. Townsend, kama Walter alivyojua tangu mwanzo, anarudi nyuma, na mazungumzo yao ya siku hiyo niliyasoma mara tatu kwa jinsi mwanamume yule anavyobaki mpole, mwenye busara na mwoga katika kila sentensi.

Mei-tan-fu si mahali pa kupumzikia. Wanakaa katika nyumba ya mmisionari aliyekufa kwa ugonjwa huohuo, na jioni wanakula saladi ya majani mabichi, chakula ambacho katika mji wa kipindupindu ni sawa na kuchezea kisu. Hakuna anayesema kwa nini wanakila. Katika ukimya ule wa mezani ndoa nzima imefichuka, na mwandishi mdogo kuliko Maugham angeongeza hapo aya mbili za maelezo. Kisha Kitty anawaendea watawa wa Kifaransa na kuomba kazi, akapewa watoto wadogo wa kituo chao awaangalie, na hapa jembe la methali limepatikana bila mtu kulitangaza. Kwa kufanya kazi karibu na watu wanaomthamini Walter anaanza kumwona mumewe kama mtu anayestahili heshima. Msomaji anasubiri mapenzi yafuate. Hayafuati. Kitty anamheshimu Walter, anamhurumia, anatamani amsamehe, lakini hampendi, na Walter anakufa kwa kipindupindu kabla mambo hayajanyooka. Nimesoma malalamiko ya wasomaji wengine kwamba mwisho huo ni mkavu. Kwangu mimi ndio uliokiinua kitabu juu ya vile vya bahari ya buluu, pamoja na aibu inayofuata, pale Kitty anaporudi Hong Kong akijiona amebadilika na kuanguka tena mikononi mwa Townsend. Kujitambua hakukumkinga na chochote.

Kasoro yake ni kubwa na sitaifunika. Wachina wanaokufa katika mji ule hawana majina wala maneno. Wanapita nyuma ya Waingereza kama mvua. Mwanamke wa Kimanchu anayeishi na Waddington, ofisa wa forodha, anaelezwa kama sanamu ya kutazamwa, ingawa yeye ndiye aliyeacha vyote kwa ajili ya mapenzi na huenda hadithi yake ingeizidi ya Kitty. Nyota moja ninaipunguza hapo. Niongeze jambo la manufaa kwa mnunuzi: kitabu kilipotoka kwa mara ya kwanza kuliibuka madai ya kuchafuliwa jina, na mwandishi akalazimika kubadilisha jina la familia kutoka Lane kuwa Fane, na Hong Kong ikaitwa Tching-Yen. Kwa hiyo anayekutana na nakala yenye mji wa Tching-Yen asidhani ameuziwa kitabu kingine.

Hali ya wenyeji kunyamazishwa ndiyo iliyonifanya nitafute waandishi wanaoitazama safari kutoka upande wa pili, na hapo nikakutana na Our Sister Killjoy ya Ama Ata Aidoo, mwandishi wa Ghana, iliyochapishwa mwaka 1977. Sissie, msichana aliyepata nafasi ya kwenda Ulaya kama mwanafunzi, anafika Ujerumani, na mara anasikia mama mmoja akimwonyesha mwanawe msichana mweusi. Sissie anageuka kutazama, na kwa mara ya kwanza anaiona rangi ya ngozi za watu wote waliomzunguka. Mgeni ni kuku mweupe, tunasema, na methali haikuwahi kunipa kicheko kichungu kama siku ile. Katika mji mdogo wa Bavaria anafanya urafiki na Marija, mama wa nyumbani mpweke, ambaye mumewe na mtoto wake wote wanaitwa Adolf, na ambaye kila siku anamjazia mfuko wa matunda. Urafiki unageuka, Marija anamtamani, Sissie anamkatalia. Hilo lingeweza kuwa kisa cha kawaida, lakini Aidoo analiendesha hadi mahali pagumu: Sissie anapomwona Marija akiumia, anagundua ndani yake mwenyewe ladha ya kufurahia maumivu ya mtu mwingine, na kwa dakika chache anajua jinsi mwenye nguvu anavyojisikia. Sijasoma ugunduzi wa nafsi ulio na uchungu kama huo katika riwaya nyingine yoyote ya safari.

Si kitabu cha kusoma ukiwa na usingizi. Kinachanganya nathari na mistari ya shairi, ukurasa mwingine una maneno machache tu, na sehemu ya mwisho ni barua ndefu ya mapenzi inayobishana na mpenzi aliyeachwa kuhusu lugha, nyumbani na wasomi wasiotaka kurudi. Nilijaribu kwanza kukisikiliza kwa sauti nikiwa na kazi nyingine mkononi, nikapotea. Nilipokisoma kwa macho, nikitazama mistari ilivyokatwa, kilifunguka.

Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, ya mwaka 2013, ni tofauti kabisa kwa usomaji: ndefu, nyepesi kuingia, na inafaa sana kusikilizwa. Ifemelu anaondoka Nigeria kwenda kusoma Marekani, na Obinze, mpenzi wake, anaishia Uingereza. Kila mmoja, bila mwenzake kujua, anatafuta kazi kwa karatasi za mtu mwingine, hivyo ugeni unawanyang'anya wote wawili majina yao. Ifemelu anajifunza lafudhi ya Kimarekani hadi siku mtu wa simu anapomsifu kwamba anaongea kama Mmarekani halisi. Anashukuru, anakata simu, na aibu ya ile shukrani inamfanya aiache lafudhi hiyo. Tukio lote halizidi kurasa chache, nalo lilinieleza zaidi kuliko mijadala mirefu ya mezani iliyojaa katikati ya kitabu, ambayo kwa maoni yangu ingeweza kupunguzwa. Anaporudi Lagos baada ya miaka 13, nyumbani ndiko kunakuwa ugenini. Sikuridhika na jinsi Kosi, mke wa Obinze, alivyochorwa kwa wembamba ili msomaji asimwonee huruma sana ndoa inapovunjika.

Imebaki moja inayovunja kanuni yangu, na uaminifu unanitaka niiseme. The Enchanted April ya Elizabeth von Arnim, ya mwaka 1922, haimpi mgeni jembe lolote. Wanawake wanne wa Kiingereza, ambao karibu hawajuani, wanachanga kodi ya kasri dogo la Italia kwa mwezi wa Aprili baada ya mmoja wao, Lotty Wilkins, kuona tangazo gazetini siku ya mvua. Wanapikiwa, wanafuliwa, wanakaa juani. Kwa kipimo changu ingestahili kutupwa pamoja na vile vya bahari ya buluu, na bado nilicheka peke yangu kitandani, hasa pale Mellersh, mume wa Lotty, wakili anayejali heshima kuliko pumzi, anapokimbia kutoka bafuni baada ya jiko la maji kulipuka na kujikuta mbele ya Lady Caroline, mmoja wa wale wanawake wanne, akiwa na taulo tu. Nadhani siri yake ni kwamba von Arnim anawajua wanawake wake kwa undani kabla hawajaondoka London. Rose Arbuthnot, anayeona haya kula fedha ambazo mumewe anazipata kwa kuandika maisha ya vimada wa wafalme, amekamilika kama mtu kabla hajaliona ua hata moja. Wafanyakazi wa Kiitalia, nao, wamewekwa kwa ajili ya kuchekesha. Anayetaka kitu cha kumpumzisha aanze na hiki.

Kwa sasa nimeifungua tena The Painted Veil, safari hii nikimfuata Walter badala ya Kitty, na tayari nimekwama kwenye sura za mwanzo, pale mwanamume huyu mwenye haya anapomposa msichana anayejua kwamba hampendi. Nataka nijue ni wakati gani hasa alianza kupanga safari ya Mei-tan-fu.