TAHADHARI WA BUKAVU: huyu mutu wa magari ya ndoa musimupe hata franga moja

Wandugu sikutaka kuandika hii kitu, ju ni haya, ni haya kubwa sana. Lakini jana mama mumoja wa Kadutu alinitumia picha akaniuliza "yaya, hii gari si njo ile mulikuwa mumeagiza?" Na ni ile ile, V8 nyeupe, picha ile ile, na yeye amesha mupatia avansi kwa ndoa ya mutoto wake mwezi unaokuja. Njo nikasema hapana, haya nitaibeba mwenyewe lakini watu wajue.

Wenye walikuwa kathedrali siku ya ndoa ya mudogo wangu walijionea venye ilipita, tulilipa gari na haikuja, sitarudilia yote. Na wenye walinitazama vibaya kwenye sale nawaelewa pia, ju katika komite ya ndoa mimi njo nilikuwa wa transporti, mimi peke yangu, hakuna mwingine wa kuuliza.

Acha niwaambie venye alinishika. Tulimuona siku ya pili ya juma pale Nyawera, mimi na mama na mudogo wangu mwenyewe mwenye kuolewa. Alisema saa tisa na alifika saa tisa, si tisa na nusu. Gari inang'aa, viti bado na plastike yake, klima inapuliza, akashuka kijana na shati nyeupe ya kupigwa pasi muzuri, hakuja kwangu, alienda kwa mama kwanza, akamufungulia mulango akamwambia "mama ingia, usikie venye mutoto wako atakaa." Mama akaingia. Mama yangu amezaa watoto saba na hakuna hata mumoja mwenye alienda kanisani na gari ya heshima, mimi mwenyewe nilienda na taxi, tulibanana watu sita na gauni ikakunjika yote. Nilimuona anapapasa kile kiti na mukono, polepole, hasemi kitu, anatabasamu tu. Pale pale moyo wangu ukalegea. Ile dakika njo nilidanganywa, mengine yote yalikuja kisha.

Akatoa kaye akaanza kuniuliza. Ribani ni rangi gani, maua ya kweli ao ya plastike, bibi harusi atakaa upande gani ju vuali isishikwe na mulango, kutoka Panzi tupite Essence saa ngapi ju siku ya posho, samedi, kule kunajaa, wapiga picha watapanda gari gani, kisha misa tunaenda La Botte kupiga picha kando ya ziwa ao tunaenda moja kwa moja kwa sale. Maswali yenye mimi mwenyewe sikuwa nimefikiria! Nikamuhesabia dolare 200, akazitazama moja moja kwa jua, akanirudishia moja ya 20 ju ilikuwa na kapasuko kadogo pembeni, "yaya hii haitatembea, nibadilishie." Nikaenda kwa kambiste kubadilisha, nikapoteza kidogo pale, nikarudi nikamupa. Nikasema moyoni huyu ni mutu wa kazi, mwizi hachagui feza. Akaniandikia resi akapiga kashe, tena ya buluu, inasomeka vizuri.

Na mutuelewe. Tangu banki zifungwe huku kwetu 2025 tunalipana mukononi ao kwa simu, hakuna mahali pa kusema nitasimamisha malipo. Na wengine tuliuliza walituomba 250 ya V8 peke yake, yeye alisema 350 na Noah mbili za familia ndani yake. Alisema ni bei ya ndugu, nisiiseme kwa watu.

Siku ya ine ya juma akanipigia. Eti gari iko Kamembe kule Rwanda, walikuwa wanaipaka rangi kidogo mahali ilikwaruzwa, inapaswa ivuke Ruzizi ya kwanza kesho na kuna feza ya kulipa kwa mupaka, nimutumie ile 150 yenye ilibaki. Nikamutumia. Hata feza yenye simu inakata wakati wa kutoa niliongeza ili apate kamili. Aliniandikia "Mungu akubariki yaya." Ile ujumbe ningali nayo.

Siku ya posho misa ni saa ine ya asubui. Saa moja: "yaya nimeamuka, wanavalisha gari maua." Saa mbili na dakika makumi mbili: "niko Essence, kuna amboteyaji." Nikatuma mutoto wa shangazi na pikipiki mupaka Essence, akazunguka, akanipigia, hakuna V8 nyeupe, hakuna gari yenye maua, njia iko wazi. Nikampigia yule mutu, inalia, halipokei. Saa tatu na nusu simu ikazimwa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, parsele yote ni matope, mudogo wangu amesimama kwa mulango na gauni yake, mabinamu wawili wameishika juu, moja kuume moja kushoto, na ananitazama tu. Hakuniuliza kitu. Afazali angelia, angenitukana.

Jirani yetu mwenye kubeba kreti za bia kwa Hilux njo alituokoa, vijana walishusha kreti zote kwa barabara, wakapangusa viti na kitambaa, wakatandika kikwembe. Ile siku kulikuwa ndoa tatu kwa misa moja, padri hawezi kungojea mutu mumoja. Tulifika injili imesha somwa. Bibi harusi wenzake wawili walikuwa wamesha ingia na muziki na makofi, wamekaa mbele, na bwana harusi wetu amesimama peke yake na kiti tupu kando yake, watu wanaanza kunong'ona kama bibi amekataa. Mudogo wangu aliingia na mulango wa pembeni. Baba alikuwa amejifunza ile mutembeo wiki mbili kwa korido ya nyumba, na ule muguu wake munaoujua, ili amushike mukono amupeleke mbele. Haikufanyika. Alikaa kwa benchi ya nyuma, na sijamuona baba analia tangu kifo cha nyanya yetu.

Kwa siku tatu nilijiambia labda alipata aksidan. Siku ya tatu yake nikaona ile V8 pale Nyawera, nikaisimamisha katikati ya barabara, siogope mutu. Shofere ni muzee wa heshima, gari ni ya bosi wake wa Nguba, hata haipangishwe. Anasema yule kijana alimupa dolare 10 amusaidie "kuonyesha kliya" kwa saa moja, na si mara ya kwanza.

Sasa mambo yenye ningepaswa kuona, naandika venye inanijia. Jina yenye ilitokea wakati wa kutuma feza ilikuwa ya mwanamuke, si yake, nikaona nikaendelea. Resi haina adresi, kashe iko na jina tu. Sikumuuliza karte roze ya gari, muulize karte roze, muone kama jina ni yake ao ya mwenye alimutuma. Hakutuonyesha parkingi, kila mara ni "tukutane Nyawera". Na zile picha za korteji, magari ya ndoa yanafuatana, anatuma, mutazame vizuri, kuna moja magari yote yanatembelea upande wa kushoto sawa Uganda, huku tunatembelea kuume! Picha si ya hapa na nilikuwa naitazama kila siku. Ku zingine plake imefunikwa na kaua.

Lakini mimi sasa nataka afungwe. Sitaki mutu amupige mawe, hapana, mumukamate mumupeleke, nataka akae ndani ahesabu siku. Shemeki yangu mwenye kusoma droit, sheria, alinionyesha code pénal, article 98, eskrokeri, ni kusema utapeli, miezi 3 mupaka miaka 5, na mimi namuombea ile 5 yote, hata siku moja isipunguzwe. Na alipe ile 350, na akuje Panzi apige magoti mbele ya baba. Mutu anaiba simu, sawa, simu inanunuliwa. Huyu ameiba saa moja ya mudogo wangu yenye haitarudia tena, amemuibia baba. Na anaamuka asubui anapiga pasi shati yake nyeupe anaenda kumufungulia mama mwingine mulango!!

Nambari zake ni mbili, sitaziweka hapa, mwenye amesha mupa avansi ao yuko karibu kumupa aniandikie pembeni nitamutumia pamoja na picha ya ile resi. Mama wa Kadutu, wewe usingojee mwezi uishe, nipigie leo. Yule muzee shofere amekubali kuja kusema mbele ya watu venye ilikuwa, na anajua mahali yule kijana anakunywa chai asubui.